Hesabuni mikoko iliyo hai, si iliyopandwa

Mhariri,

Katika toleo lenu la wiki jana kulikuwa na picha ya watu waliovaa fulana nyeupe na buti za mpira, wamesimama kwenye tope la huku kwetu Lamu, kila mmoja ameushika mche wa mkoko kama anayeshika mshumaa. Chini ya picha mliandika kwamba siku hiyo ilipandwa miche 10,000. Sitaki kuwakejeli. Watu wametoka makwao, jua limewachoma, na kuna mmoja pale kushoto nilimwona buti moja imeshamvuka, imebaki topeni. Lakini mahali pale walipopigwa picha napajua kama ninavyoujua uga wa nyumba yangu, na swali langu ni moja tu. Nani atarudi kuihesabu?

Mimi ni mkata mikoko wa Matondoni. Niliingia msituni na marehemu baba mwaka 1980, nikiwa na miaka 16, miaka miwili kabla serikali haijapiga marufuku boriti kuuzwa ng'ambo. Nilizidiriki jahazi za mwisho mwisho zilizokuwa zikipakia za kwenda Uarabuni. Tulikuwa tukienda dago, yaani safari ya kukaa huko huko kazini, wiki mbili, tatu, tunalala chomboni, tunakunywa maji ya pipa yenye ladha ya kutu, na mbu wa kule hawana haya. Tukirudi, mzigo unahesabiwa kwa korja, vijiti 20 korja moja, kila aina na fungu lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Tajiri alikuwa haangalii uso wako, anaangalia vijiti. Korja ikipungua kijiti kimoja, inarudi. Kwa hivyo mtu akiniambia habari ya mikoko elfu kumi, mimi kwa mazoea namuuliza korja zake ziko wapi nizione.

Kupanda nilianza uzeeni, na sikuanza kwa mapenzi. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yote ya umma, na sisi wa mikoko tukaingizwa humo humo. Cheti cha kukatia kikawa karatasi tu. Nilikuwa na mashua, shoka tatu, na vijana wanne waliokuwa wakila kwangu. Mama watoto akarudia kusuka majamvi usiku na mchana, nyumba nzima ikawa inanuka miyaa, yale majani ya kusukia. Ndipo wakaja wafadhili, sitawataja, wakatafuta vikundi vya kupanda, malipo kwa kila mche. Nikajiandikisha. Mtu aliyeukata mkoko miaka 38 akalipwa kuupanda. Baba angenicheka mpaka akohoe.

Siku yenyewe ilikuwa 26 Julai, siku ya mikoko duniani. Sasa Mhariri, wewe pengine uko Nairobi, lakini muulize yeyote wa huku Amu Julai kuna nini. Julai ni kusi. Upepo unavuma kutoka kusini kutwa, na bahari haitulii. Na tope tulilopewa tupande lilikuwa la mbele kabisa, linaloelekea upepo, jeupe halina mti. Nilimuuliza kijana msimamizi kwa nini hapa. Akaniambia, "Mzee, hapa ndipo penye nafasi." Nikanyamaza, kwa sababu siku ile nilikuwa natafuta pesa ya unga.

Wageni wakapanda. Mbegu ya mkoko, kwa asiyeijua, ni ndefu kama shubiri moja na nusu, ya kijani, ncha moja kali na nyingine butu. Ile kali ndiyo ya kuingia chini. Safu nzima upande wangu ilipandwa kichwa chini miguu juu, na anayepanda anatabasamu. Nilipita nyuma nikizigeuza moja moja. Na nyingi zilikuwa changa, zilikwanyuliwa mtini kabla ya wakati wake. Mbegu iliyokomaa ina pete ya manjano pale inaposhikana na tunda lake. Usipoiona hiyo pete, muachie mama mtoto wake. Lakini oda ilikuwa ya maelfu, vikundi vinalipwa kwa idadi, pete nani ataitazama?

Nikachagua korja mbili zangu, miche 40, nikaifunga kila mmoja kipande cha kitambaa chekundu cha leso kuukuu. Nilirudi mwezi uliofuata siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Miche ilikuwa imeota nywele za kijani, mwani mlaini ule, na chini karibu na tope imeshikwa na vigamba vyeupe vinavyokata mkono. Mche ukifika hapo unazama kwa uzito wa vitu visivyokuwa vyake. Nilirudi tena kusi ilipokwisha. Vitambaa vyekundu nilivikuta vitatu. Kimoja kimefungwa kwenye kijiti kikavu.

Nilikwenda kumwambia msimamizi. Hakunitukana, alinikaribisha chai. Akasema ripoti ilikwisha pelekwa.

Jambo lenyewe halihitaji shahada. Mkoko ni mti wa bahari lakini si samaki. Unataka maji yaje na yaende. Ardhi yake ni ile inayopata nafasi ya kukauka ikapumua kati ya maji mawili. Sheria ya baba ilikuwa hii: nenda siku za maji mafu, ambapo maji hayajai sana wala hayapwi sana, utazame. Penye kufunikwa hata siku hizo kutwa kucha, hapo usipande mti, hapo ni pa pweza. Na tope lile la mbele halikuwa tupu kama lilivyoonekana kwenye picha. Lilikuwa na nyasi za bahari, ambazo kasa huja kuzila na kamba wadogo hujificha. Tulizikanyaga kwa buti mia moja ili tupande miti iliyokufa.

Halafu kuna suala la nani anakaa wapi. Mikoko haikupangwa ovyo. Mlilana ndio unaokaa mbele, unapokea mawimbi. Nyuma yake mkoko wenyewe, ambao jina lake tumewapa wote, kisha muia, kisha mkandaa, na mchu hukutana nao huku nyuma kwenye chumvi, ingawa mchu ni mkorofi, utauona na mbele pia. Kikandaa kiko mwisho kabisa, mpakani na nchi kavu. Kenya ina aina 9 za miti hii, na zaidi ya nusu ya misitu yake ya mikoko iko katika kaunti hii yetu. Lakini ukienda kwenye kila siku ya kupanda, aina ni moja tu, mkoko, na sababu yake si siri: mbegu yake ni kubwa, inaokoteka, inachomekwa kama msumari. Mlilana mbegu zake ni punje ndogo. Nani atamvalisha mgeni fulana amkabidhi punje?

Kwa hivyo tope la mbele linapendwa kwa sababu halina mwenyewe, mashua inafika, na kamera inaona mbali. Mahali panapohitaji miti hapana sifa hata moja kati ya hizo. Pako ndani, nyuma, kwenye msitu tulioukata sisi wenyewe.

Nami hapa lazima niseme langu, maana itakuwa ajabu nilaumu fulana nyeupe nikajisahau. Mchu ukiukata unachipua tena shinani. Mkoko ukiukata chini umekwisha, hauchipui. Hilo tulilijua tangu utoto. Tulitakiwa tuache miti mama, tupishe. Lakini boriti iliyonyooka ndiyo yenye bei, kwa hivyo tulichagua iliyonyooka, tukaacha iliyopinda, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikabaki iliyopinda tu. Na matawi tuliyaacha pale pale yalipoangukia. Tawi la mkoko halina haraka ya kuoza. Ingia leo sehemu tulizozikata miaka ya 1990, utakuta marundo yamelala juu ya tope kama mifupa. Mbegu zinaletwa na maji kila bamvua, zinagota kwenye marundo hayo, zinakauka juu kwa juu. Msitu unajipanda wenyewe bure na sisi tumeuzibia mlango.

Baada ya vitambaa vyangu vyekundu, tulikaa watu 14 pale Matondoni, wakataji wenye umri kama wangu, wanawake wasukaji na vijana wavuvi wa kaa. Hatuna bendera wala fulana. Kazi ya kwanza tuliyokubaliana ilikuwa kuondoa matawi. Siku nne kila bamvua, tunavuta, tunakusanya pembeni, makavu wanawake wanachukua kuni. Hatukupanda kitu. Nilimweleza rafiki yangu mmoja wa Shela, akaniuliza tunalipwa na nani kufagia bahari.

Kazi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Upande wa bara kuna kijito kimoja ambacho tangu ujana wangu kilikuwa kinaingia ndani hadi kwenye kichaka cha mchu mkubwa, mchu wa kukaa chini yake ukala wali. Mkandarasi mmoja alipitisha njia ya kifusi juu ya kijito hicho, akaenda zake. Hakuweka bomba wala kalvati. Maji ya bahari yakawa yanafika kwenye kifusi yanageuka. Upande wa pili ardhi ikaanza kuwa nyeupe, chumvi unaweza kuikwangua kwa kisu, na majani ya mchu yakageuka manjano, yakaanguka. Ile mizizi midogo inayotoka ardhini kama penseli, ambayo mchu unapumulia, ikawa inakatika kwa kuguswa na kidole. Mwaka wa pili palikuwa makaburini.

Na hapo, Mhariri, ndipo palipokuja kikundi kingine na mradi wa kupanda. Kwenye chumvi ile. Walipanda, ikafa. Wakapanda tena, ikafa. Hakuna aliyekitazama kifusi.

Tulikwenda kwa chifu, tukaenda kwa watu wa misitu, tukaambiwa tuandike. Tukaandika. Baadaye mtu mmoja, kwa wema wake, akatuambia tuchimbe na yeye hatakuwa ameona. Tulichimba kwa majembe na makarai bamvua mbili. Bomba la saruji hatukuwa na uwezo nalo, tukapata mapipa manne ya chuma ya fundi wa mashine ya boti, tukayatoa matako, tukayaunganisha mawili mawili, tukayazika chini ya njia, kifusi kikarudi juu. Gari la mkaa likapita juu yake kesho yake wala dereva hakujua.

Maji ya kwanza kupita nilikuwepo. Yalikuja saa kumi na moja jioni, machafu, yanasukuma povu na vifuu na ndara moja ya mtoto. Yakatambaa kwenye ile chumvi nyeupe, nayo ikawa inatoa sauti kama kaango lililomwagiwa maji. Vijana wakapiga mayowe.

Mbegu ya mchu ni bapa, ya kijivujivu, ukubwa wa ukucha wa dole gumba au zaidi kidogo. Ikikaa majini ganda lake linavuka, na ndani unayakuta majani mawili yamekunjana kama kitambaa kilichopigwa pasi, tayari kufunguka. Hatukuleta hata moja. Mvua za mwaka ule zilipokwisha zilikuwa zimejileta. Nilipiga magoti nikaanza kuhesabu kwa korja, kama zamani, nikafika korja kumi na tatu kwenye kipande kisichozidi sebule, nikaacha kwa sababu mgongo ulikataa. Leo miche ile imenipita kiuno. Mchu wa zamani haukufufuka, ule umekufa na tumeuacha usimame, ndege wanaupenda.

Mapipa yataoza. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu ninaomba bomba la saruji kupitia ukurasa huu. Bomba moja. Bei yake najua ni ndogo kuliko ya zile fulana.

Nisisahau miti adimu, maana ndiyo inayoniuma kuliko yote. Baba alikuwa na rafiki, fundi wa vyombo hapa hapa Matondoni, na aliposikia tunakwenda dago alikuwa akituagiza mkomafi. Tawi la mkomafi lililopinda vizuri ni taruma tayari, unalichonga kidogo tu linakaa kwenye mbavu za chombo. Tunda lake ni kubwa kama dafu dogo, la kahawia. Likianguka linapasuka, na mbegu zake zina pembe pembe, zimeshikana ndani kama mawe ya ukuta. Tukiwa watoto tulikuwa tukishindana kulirudisha lilivyokuwa. Sikumbuki aliyeweza. Siku hizi katika njia zangu zote, mikomafi mikubwa ninayoijua naweza kuitaja mmoja mmoja, kama wazee wa kijiji. Msikundazi ndio usiseme, huo unataka maji matamu yachanganyike na ya chumvi, na huku visiwani maji matamu tunayatafuta wenyewe. Kikandaa nacho kinakwisha kwa sababu ya jina lake: watu wanadhani ni mkandaa mdogo, utakua. Si mdogo, ni mti mwingine, na makazi yake ni ile kingo ya nchi kavu ambayo kila mtu sasa anaichorea ploti.

Mikomafi tumeanza kuiotesha. Mifuko ya plastiki tuliikataa. Wanawake wanasuka vijikapu vya miyaa, ukingo wake umeachwa bila kushonwa. Mche unashushwa ardhini na kijikapu chake, kinaoza, mzizi unapita. Mpaka sasa ipo 31 iliyo hai. Ilikuwa 50. Kaa walikula minane usiku mmoja, mingine sijui. Nayaandika haya kwa sababu nimeona ripoti nyingi za kupanda miti na sijaona iliyoandika kaa.

Kuna wanaoniambia, mzee, haya ya kufagia matawi na kuzika mapipa hayaleti hela, tusubiri hewa ya ukaa, zile fedha wanazolipwa wenye msitu kwa kaboni unayoishika. Sina ugomvi na hewa ya ukaa. Gazi, kule Kwale, wanakijiji wanaiuza tangu 2013 kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Lakini msitu wao wa hekta 117, takriban wote ni wa asili, uliokuwepo na wakaulinda. Shamba walilolipanda ni kama hekta 10 tu. Waliojaliwa walijaliwa kwa kuchunga walichokuwa nacho. Wahenga wa pwani walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nasi watu wa Matondoni habari ya mikeka hatufundishwi.

Najua kwa nini namba zinapendwa. Serikali imesema miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko nchi nzima tukapande. Kila ofisi inatakiwa itoe idadi yake. Mwenye kudaiwa idadi atatafuta tope lililo wazi, nisimlaumu. Lakini mpango wa taifa wa kusimamia mikoko ulioanza 2017 unafikia kikomo 2027, na mwingine utaandikwa, na watakuja huku kufanya vikao vya maoni kwenye kumbi zenye feni. Naomba wakija waandike mambo mawili. Kikundi kilipwe nusu siku ya kupanda, na nusu baada ya kusi mbili, kwa mti uliosimama. Na kijito kilichofunguliwa kihesabiwe kuwa kazi ya miti, hata kama hakuna aliyeshika mche. Mengine, cheti cha kukatia, vizuizi vya doria, bandari, yana watu wake wa kuyasemea.

Ile miche 10,000 ya kwenye picha yenu, sisi tutaihesabu. Bamvua ijayo mashua yangu inaondoka gati ya Matondoni maji yakianza kupwa, tunarudi na maji ya kujaa. Mwandishi wenu nafasi yake ipo. Aje na viatu vya kufunga kwa kamba, buti za mpira zitamvuka, na maji ya kunywa aje nayo mwenyewe.

Mkata mikoko,
Matondoni, Lamu